Malalamiko: mashine ya kuchimbia jino ilipanguswa tu, haikutakaswa

Kwa Meneja,
Kliniki ya Meno.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU USAFI WA VYOMBO NA USALAMA WA WAGONJWA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jino langu limezibwa vizuri, na hilo nalisema mapema msije mkadhani nina kinyongo na daktari wenu. Ana mkono mwepesi, na sindano ya ganzi aliifungua kwenye pakiti yake mbele ya macho yangu. Ninacholalamikia ni kilichofuata baada ya sindano hiyo, na zaidi jibu nililopewa nilipouliza.

Jumanne iliyopita asubuhi nilikuja na gego la chini lililokuwa limeninyima usingizi siku tatu. Mzee aliyenitangulia alitoka ameshika shavu, hazikupita dakika tano nikaitwa, kiti bado kina joto lake. Msaidizi alibadilisha kikombe cha kusukutulia na kile kitambaa cha kifuani. Kisha akaichukua mashine ya kuchimbia jino, ikiwa bado imeungana na mpira wake, akaipangusa kwa pamba yenye spiriti, juu na chini, mara mbili, akairudisha mahali pake. Nilidhani atakuja kuichomoa aipeleke kutakaswa. Wapi! Ganzi ilipokolea, mashine ile ile ikaletwa kinywani mwangu.

Nikainua mkono. Nusu ya mdomo imekufa, mate yananichuruzika, nikauliza kwa taabu, "Daktari, hii imechemshwa?" Aliyejibu ni msaidizi: "Mama, usiwe na wasiwasi, daktari ana uzoefu wa miaka mingi." Wakacheka kidogo, wala si kwa ubaya. Nami, nakiri, nikafungua kinywa. Niliona haya kuonekana msumbufu, na mtu aliyelala chali huku taa inammulika usoni hana ubishi mwingi.

Sikuuliza habari za uzoefu. Niliuliza habari za chombo. Mashine ile ikizunguka na kusimama huweza kuvuta mate na damu ndani yake, mahali ambapo pamba haifiki kamwe, na ikiwashwa tena huvitema kwenye kinywa kinachofuata. Ndiyo maana kila baada ya mgonjwa inatakiwa ichomolewe, isafishwe, ipakwe mafuta, kisha iingizwe kwenye mtambo wa kutakasa kwa mvuke. Mtambo huo hufanya kazi kwa nyuzi joto 121 kwa dakika 15 au zaidi, au nyuzi 134 kwa dakika 3 au zaidi, na hapo hujahesabu muda wa kupasha, kukausha na kupoza. Hiyo si kazi ya kumalizwa kati ya kutoka kwa mzee yule na kuingia kwangu. Kama mnazo mashine za akiba, mbona haikuletwa mojawapo?

Sidai kwamba nimeambukizwa kitu. Ila virusi vya homa ya ini aina B huweza kuishi nje ya mwili, juu ya kitu kikavu, kwa siku 7 au zaidi, na mgonjwa anayevibeba anaweza asijijue. Mzee yule naye hakuambiwa na mtu nani alikaa kwenye kiti kile kabla yake.

La glovu nitalipitia haraka. Daktari aliingia akiwa amezivaa tayari, akafungua droo, akapokea simu, akaja moja kwa moja kinywani mwangu. Nilipomwomba abadilishe alibadilisha bila neno. Lakini je, asiyeomba?

Hili la mwisho ndilo lililonitisha kuliko yote, na halina uhusiano na uchafu. Tangu mapokezi hadi natoka, hakuna aliyeniuliza kama nina shinikizo la damu, kisukari, ujauzito, au dawa inayonidhuru. Kwa sababu ufizi ulikuwa umevimba niliandikiwa amoksisilini. Mimi na penisilini hatupatani. Nikiwa binti iliniletea vipele mwili mzima nikavimba midomo, na amoksisilini ni ya ukoo huo huo. Nilikuwa nimechanganyikiwa na maumivu, hata karatasi sikuisoma. Aliyeniokoa ni muuza dawa, aliyeniuliza swali moja tu kabla ya kunikabidhi pakiti. Swali hilo lingewagharimu ninyi sekunde ngapi?

Nimekuwa mteja wenu muda mrefu, na kwa kweli nilikuwa nawapima kwa vigae vinavyong'aa na sofa za mapokezi. Sasa naomba nionyeshwe vitu vingine. Nataka kuona daftari la mtambo wenu wa kutakasa kwa siku ile, pamoja na majibu ya vipimo vya kuthibitisha kwamba mtambo unaua vijidudu kweli. Ule utepe unaobadilika rangi juu ya pakiti ya vyombo huonyesha joto lilifika, basi. Hauthibitishi kwamba kilichomo ni salama. Nielezwe pia mna mashine ngapi za kuchimbia, na mnahudumia wagonjwa wangapi kwa siku. Hesabu hiyo peke yake itanijibu mengi. Na fomu ya historia ya afya iwepo, ijazwe kabla mgonjwa hajakaa kitini, na daktari aisome.

Msaidizi yule msimwadhibu kwa ajili ya barua hii. Alifanya alivyozoezwa, tena mchana kweupe mbele yangu, maana yake hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ni kosa.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14, pamoja na nakala ya jalada langu na picha ya eksirei ya gego. Nisipopata, nitaifikisha barua hii kwa mamlaka inayowapa leseni.

Wenu,
Mgonjwa wa gego la chini, Jumanne asubuhi