Nukta nundu kwenye darizi na kadi zisomeke

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaodarizi na wanaotengeneza kadi kwa mikono. Kazi nyingi zenye maandishi ya nukta nundu (Braille, yanayosomwa kwa vidole) zinapendeza machoni, lakini asiyeona akizipapasa hapati neno hata moja. Kosa kubwa ni vipimo.

Kila herufi ya nukta nundu ina nafasi 6 za nukta: upande wa kushoto 1, 2, 3 kutoka juu kwenda chini, upande wa kulia 4, 5, 6. Ncha ya kidole huisoma yote kwa mguso mmoja. Ndiyo maana nukta hupishana kama milimita 2.5 kutoka katikati hadi katikati, herufi na herufi milimita 6 au zaidi kidogo, mstari na mstari 10, na nukta huinuka kama nusu milimita. Ukizikuza ili zionekane vizuri ukutani, kidole kinagusa nukta moja moja na herufi inavunjika.

Kwa darizi, chukua kitambaa cha Aida, kile chenye matundu kwenye kona za miraba, cha miraba 11 kwa inchi. Kila mraba una milimita 2.3, hivyo nukta moja inakaa kwenye kila tundu na rula huihitaji. Kati ya herufi ruka tundu moja, kati ya maneno ruka manne, na kati ya mistari ruka safu mbili za matundu. Aida ya miraba 14, ambayo wengi wanaipenda kwa darizi za kawaida, haifai hapa: mraba wake ni milimita 1.8, nukta zinabanana, na ukiruka tundu zinakuwa mbali mno.

Ukitumia shanga kama nukta, ziwe za milimita 1.5. Za milimita 2 zinakaribia kugusana, na kidole kinahisi mchirizi tu. Shona kila ushanga peke yake, uzi upite ndani yake mara mbili. Ukizitunga mfululizo zinalala upande na kuhama. Mafundo ya uzi yanafaa pia, nyuzi mbili zikizungushwa mara mbili kwenye sindano, ila pasi huyabana. Piga pasi upande wa nyuma, kitambaa kikiwa kimelazwa kifudifudi juu ya taulo nene. Maua na majani yakae angalau sentimita moja mbali na maneno, maana kidole hakijui kuwa lile ni jani. Na kwenye nguo, weka maneno kwenye pindo la mkono, mahali ambapo mvaaji mwenyewe anaweza kuyasoma. Kifuani yatasomwa na nani?

Kwenye kadi, tatizo ni kibao na kalamu ya kutobolea. Unatoboa kwa nyuma, kwa hiyo unaanza kulia kwenda kushoto na kila herufi unaigeuza. Anayesahau akaandika "heri" kushoto kwenda kulia, akigeuza karatasi anakuta "ewij": h imekuwa j, e imekuwa i, r imekuwa w, na mpangilio umepinduka. Kosa jingine la mara kwa mara ni kuacha alama ya tarakimu, nukta 3, 4, 5 na 6. Bila hiyo, "25" inasomeka "be".

Karatasi ya gramu 160 kwa mita ya mraba inatosha. Kadi ngumu ya gramu 300 ama hupasuka kwenye nukta ama nukta haiinuki. Andika kwenye ukanda wa karatasi ya gramu 160, kisha uubandike juu ya kadi. Gundi ipakwe pembezoni tu, na usiilaze kadi chini ya vitabu ili inyooke, nukta zitabonyea. Usiweke selotepu juu ya maneno. Wanaotumia rangi ya kuvimba waiache ikauke kabisa, na wainue kichupa wima baada ya kila nukta. Ukikivuta pembeni nukta inaota mkia, na mkia huo kidole kinausoma kama nukta ya pili.

Kata kidogo kona ya juu kulia, ili msomaji ajue mara moja kadi ishikwe vipi. Kisha, kabla ya kubandika ukanda, mpe mtu anayesoma nukta nundu ausome kwa sauti. Akisita kwenye herufi, rudi kwenye herufi hiyo hiyo: kuna nukta iliyobonyea, au iliyozidi.

Mdau wa kazi za mikono