Nani aliyechora barabara?

Mhariri,

Wanajiografia wa uchumi husema biashara huvuta biashara: kiwanda hufuata soko, soko hufuata barabara. Mwanauchumi Mmarekani Paul Krugman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuuchambua mvutano huo. Sawa, lakini barabara ilichorwa na nani?

Hapa Kenya, waraka wa serikali Nambari 10 wa 1965 ulitaka fedha za maendeleo zielekezwe kwenye maeneo yenye rutuba, mvua, uchukuzi na umeme. Yaani aliye nacho aongezewe. Kaskazini ikaachwa. Mfugaji wa Marsabit alipakia mbuzi kwenye lori, vumbi tupu hadi Nairobi, wakafika wamekonda, wengine wamekufa njiani, na bei akatajiwa na dalali. Lami ya Isiolo hadi Moyale ilikamilika juzijuzi tu, miaka ya 2010.

Kifungu cha 204 cha Katiba kinatenga asilimia 0.5 ya mapato ya serikali kuu kila mwaka kwa Hazina ya Usawazishaji, mfuko wa kupeleka maji, barabara, afya na umeme kwenye maeneo yaliyoachwa nyuma, kwa miaka 20 tangu 2010. Muda unayoyoma. Wizara ya Fedha itoe orodha ya yaliyofanywa kwa fedha hizo, kaunti kwa kaunti: visima vingapi, zahanati ngapi, kilomita ngapi za barabara.

Msomaji wako,
Isiolo