Panya si mamalia wote

Kwa vijana wangu wa Mombasa mnaosoma biolojia,

Wanangu, salaam nyingi. Juzi mlipoketi barazani kwangu Kibokoni, mmoja wenu alisema piRNA, yaani vipande vifupi vya RNA (nakala za jeni) vinavyonyamazisha DNA zirukazo, hazina kazi katika yai la mamalia, maana panya jike akizikosa huzaa kama kawaida. Nilinyamaza kwa kuwa kaimati zilikuwa jikoni. Leo najibu.

La panya ni kweli. Lakini yai lililokwisha kukua halinakili tena jeni zake, huishi kwa akiba ya RNA, na kila mnyama ana bawabu wake wa kuilinda ghala hiyo. Kwa panya bawabu ni siRNA, RNA fupi za aina nyingine. Kuna kipande cha DNA kirukaji kilichojipenyeza katika jeni ya Dicer, kimeng'enya kinachokatakata RNA ndefu kuwa siRNA, na ndani ya yai kikazaa Dicer fupi, hodari kuliko ile ndefu. Hayo yalielezwa mwaka 2013. Kiondoe kipande hicho, nyuzi za kutenganisha kromosomu huvurugika na jike huwa tasa. Mikro-RNA nazo, RNA fupi za aina ya tatu zinazotawala kwingi mwilini, ndani ya yai la panya zimelala tu: mwaka 2010 watafiti walizizuia zisitengenezwe, na yai likakomaa, likazaa watoto wazima.

Sasa mtazameni hamsta wa dhahabu. Mwaka 2021 makundi tofauti ya watafiti yaliharibu jeni ambazo piRNA huzitegemea, na majike wakawa tasa. Waliokosa PIWIL1, mojawapo ya jeni hizo, viinitete vyao vilikwama kwenye seli mbili. Na jeni ya PIWIL3, ambayo hamsta anayo na sisi binadamu tunayo, panya aliipoteza zamani. Ndani ya yai la mwanamke protini ya jeni hiyo hushika piRNA fupi mno, za herufi kama 20.

Basi ni nani aliye jirani yetu hapo? Miaka mingi nilifundisha nikisema "mamalia" huku nikiwa nimesoma panya tu, kwa hiyo sikucheki sana, mwanangu. Lakini kuna dada zetu wanaohangaika kupata mimba, na neno lenu huwafikia kabla ya la daktari. Mkiandika, mtajeni mnyama.

Karatasi yako nimeiacha kwa muuza kahawa. Kila ulipoandika "mamalia" nimekata kwa wino mwekundu nikaweka "panya". Ni mahali saba.

Mwalimu wenu mstaafu