Tairi la pikapu lisomwe ubavuni kabla ya kulipiwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu matairi ya pikapu. Gari la mizigo likipinduka huku kwetu, kati ya Molo na mji wa Nakuru, lawama huangukia mashimo ya barabarani au dereva, na ni nadra kumwona mtu akiinama kusoma kilichoandikwa kwenye ubavu wa tairi lililopasuka.

Mimi ni mkulima wa viazi. Mwezi wa Aprili mwaka jana nilinunua matairi mawili ya nyuma katika duka moja mjini Nakuru. Pikapu yangu hutumia saizi ya 205/70R15C, lakini muuzaji alinitolea matairi yaliyoandikwa 205/70R15, meusi ti, yenye kung'aa, akaniambia: "Mzee, ni saizi ile ile, tena haya ni nafuu." Rimu iliyakubali, nami nikayakubali. Wiki ya tatu, nikiwa na shehena ya viazi, tairi la kushoto lilifura ubavuni likatoa nundu kama ngumi, na kabla sijapata mahali pa kuegesha, likapasuka. Nashukuru Mungu nilikuwa napanda mlima, wala si kuteremka. Fundi wa pancha aliyekuja na jeki yake hakuniuliza nilikuwa nikienda kwa kasi gani. Alipitisha kidole kwenye maandishi ya tairi, akanigeukia: "Sasa mzee, C iko wapi?"

Herufi hiyo niliyoipuuza ndiyo inayoonyesha kwamba tairi limeundwa kwa ajili ya gari la mizigo. Baada ya saizi huja namba za uzito, na hizo ndizo ningependa kila mwenye pikapu azizoee. Tairi la 205/70R15C kwa kawaida huandikwa 106/104. Namba hizo si kilo zenyewe. Ni za jedwali linalotumiwa na viwanda vyote, ambamo 106 ni kilo 950 kwa tairi lililofungwa peke yake upande mmoja, na 104 ni kilo 900 kwa kila tairi pale mawili yanapofungwa pamoja. Tairi la gari dogo la saizi hiyo hiyo huweza kuandikwa 96, yaani kilo 710. Tofauti ni kilo 240 kwa tairi moja, na kwa matairi mawili ya nyuma ni kilo 480, karibu magunia kumi ya viazi ya kilo 50. Magunia hayo kumi mimi niliyabebesha hewa tupu. Madukani watu hutaja "plai 8" au "plai 6" badala ya namba hizi, na si vibaya, ingawa tairi la plai 8 la siku hizi halina tabaka nane za nyuzi ndani yake. Ni lugha iliyobaki tangu enzi za nyuzi za pamba, na sasa hueleza nguvu tu.

Hata tairi lenye C halibebi uzito huo likikosa upepo wa kutosha. Tairi la plai 8 huhitaji takriban paundi 65 ili libebe mzigo wake wote, ilhali vijana wa mashine ya upepo wana mazoea ya kutia 35 au 40 kwa kila gari linalosimama mbele yao. Ubavu usio na upepo hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, joto hupanda, na mpira huanza kuachana na nyuzi za ndani bila dereva kujua lolote. Vipimo vya upepo vya gari lenyewe, likiwa tupu na likiwa na mzigo, mara nyingi hubandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Jambo la pili ni umri. Mwishoni mwa maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne: 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka wa 2018. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo fundi akiligeuza upande huo ndani, mnunuzi hatauona tena mpaka gurudumu lifunguliwe. Zitazameni tairi likiwa bado sakafuni. Mpira huzeeka hata ukiwa umepangwa rafuni, na watengenezaji kadhaa hushauri tairi liondolewe likifikisha miaka 10 hata kama meno yake bado ni marefu. Anayenunua tairi la mtumba kwa kutazama meno peke yake ananunua nusu ya habari.

Kuhusu meno hayo, nina ubishi wa muda mrefu na shemeji yangu wa Ahero, anayebeba mpunga kwenye ule udongo mweusi wa Kano unaonata kama ulimbo. Yeye amefunga matairi ya matope yenye meno makubwa yaliyoachana, na kwa njia zake ana haki, kwa sababu mianya hiyo hutema udongo gurudumu linapozunguka. Mimi nina kilomita sita za udongo kisha lami mpaka sokoni. Kwenye lami iliyolowa, matairi ya matope huchelewa kusimama, huisha haraka na huvuma kama posho mill, nami nimechagua ya mchanganyiko, yale ya lami na vumbi. Vijana wanaofunga meno ya matope kwa ajili ya sura, ilhali gari halitoki Kisumu mjini, wana pesa za kuchezea.

Mwenye uwezo wa kununua mawili tu ayafunge nyuma, hata kama injini ya gari huzungusha magurudumu ya mbele, kwa kuwa pikapu tupu ni nyepesi nyuma na ndiko huanza kuteleza mvua inaponyesha.

Ombi langu kwa wauzaji wa matairi ni dogo: risiti iandikwe saizi kamili pamoja na herufi yake, namba ya uzito na zile tarakimu nne za tarehe. Risiti yangu ya mwaka jana ilisema "tairi 2", na niliporudi nayo dukani kulalamika, muuzaji aliisoma kwa sauti, akanirudishia.

Mkulima na mwenye pikapu,
Molo, Kaunti ya Nakuru