Barua ya wazi kwa wauguzi mliokabidhiwa wodi

Wanangu,

Hongereni. Mmepewa uinchaji, yaani usimamizi wa wodi, kwa sababu mshipa mgumu mnaupata mara moja na hesabu za dripu mnapiga kichwani. Sasa kila kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, ikigoma mtaitwa ninyi, nanyi mtakwenda mbio, maana sifa ni tamu. Hapo ndipo wengi huharibikiwa: siku inchaji akipumzika, dawa za mshipa zinachelewa kwa kuwa hakuna mwingine aliyezoea.

Kwa hiyo fundisheni wengine. Anayejifunza aangalie mara 2 au 3, kisha afanye wewe ukiwa pembeni, mikono nyuma. Nasema nyuma; ikiwa mbele itanyakua. Akikosa mara 2 kwa mgonjwa yuleyule, mwingine amalizie. Baadaye mwulize alichokiona: mshipa ulikimbia kwa sababu ngozi haikuvutwa, au sindano ilisimama mno ikatoboa upande wa pili? Mgonjwa anayetoka damu nyingi si darasa. Huyo mshike mwenyewe.

Ratiba ya zamu ndiyo itakayowagombanisha na wenzenu, kwa hiyo hesabu ipigwe mbele yao. Ukiwa na wauguzi 11 na kila usiku unahitaji 2, wiki 4 zina nafasi 56 za usiku: kila mmoja 5, na mmoja atabeba ya 6. Andika nani kaibeba, ili safari ijayo apumzishwe. Idi, Krismasi na Jumapili zihesabiwe peke yake. Bandika ratiba wiki 2 kabla. Wanaobadilishana zamu wasaini wote wawili. Makubaliano ya mdomo ndiyo yanayoacha wodi na muuguzi mmoja usiku. Na yule shoga yako wa chai ya saa 4? Mwambie wiki ya kwanza kwamba atapangwa kama wengine. Akinuna, bora anune mapema.

Makabidhiano yafanyike kitandani kwa mgonjwa: shida yake, alichofanyiwa, kinachosubiriwa na saa ngapi. "Yuko vizuri" si taarifa.

Kosa la dawa likitokea, mhudumieni mgonjwa na kumwita daktari, kisha andikeni kilichotokea. Ukianza kwa kufoka, kosa lijalo litafichwa. Halafu kagua kabati. Kloridi ya potasiamu ikisukumwa mshipani bila kuchanganywa inaweza kusimamisha moyo, na huenda imekaa jirani na vichupa vya maji ya kuchanganyia dawa vinavyofanana nayo. Itenge, iwekwe lebo, ifungiwe.

Kila muuguzi apate dakika 15 zako mara 1 kwa wiki 2, mlango umefungwa. Kwa watu 11 ni kama mmoja kwa siku ya kazi. Mwulize kinachomkwamisha, kisha nyamaza. Ukiwa na la kumkosoa, taja ulichokiona: "Dozi ya saa 12 jioni, kitanda namba 7, haikuandikwa." Ukimwita mzembe atajitetea, na dozi haitazungumzwa.

Kwa matroni, mkuu wa wauguzi, msiende na "tumechoka". Nendeni na daftari la mwezi mzima: vitanda vingapi, wagonjwa wangapi, wauguzi wangapi kila usiku, dozi ngapi zilichelewa na kwa nini. Nakala moja ibaki wodini.

Ni mimi, shangazi yenu kazini.