Kwa vijana waliomhukumu Raskolnikov kwa dakika kumi

Wanangu wa kundi la kusoma,

Salaam. Jumamosi mlinialika kikaoni, nikakaa kiti cha nyuma kabisa, nikanyamaza. Ilikuwa adabu ya mgeni. Leo imeniisha.

Mlikuwa na *Uhalifu na Adhabu*, riwaya ya Dostoevsky, mwandishi wa Urusi; Raskolnikov ndiye mhusika wake mkuu. Mmoja wenu akasimama: "Raskolnikov ni muuaji, mwisho anafungwa. Funzo ni kwamba uovu haulipi." Makofi. Dakika kumi hazijatimia, mmeshahamia kwenye rangi ya fulana za kundi. Fulana! Nilipowadadisi wawili watatu mlangoni, wakaniambia bila haya kwamba walisoma muhtasari kwenye simu.

Sasa nisikilizeni. Kitabu kile kilitoka mwaka 1866. Kina sehemu sita na hitimisho, na mauaji yenyewe yanakwisha katika sehemu ya kwanza. Kama funzo lingekuwa hilo lenu, mwandishi alihangaika na sehemu tano nyingine kwa nini? Yule kijana, fukara wa kutupwa, anaacha vijisenti vyake dirishani kwa familia ya mlevi aliyekutana naye muda mfupi tu uliopita. Anaota yu mtoto mdogo, amekumbatia kichwa cha farasi aliyepigwa hadi kufa, analia. Haipiti siku mbili, huyohuyo ameshika shoka. Anamuua bibi mkopeshaji, halafu anamuua na Lizaveta, ndugu wa yule bibi, aliyeingia ghafla na ambaye hakuwamo katika hesabu zake hata kidogo. Mkoba alioiba anaenda kuuficha chini ya jiwe bila hata kuufungua. Muhtasari wenu uliwaambia hayo?

Mtu anayemlilia farasi anafikaje kwenye shoka? Anafika kwa hoja. Amejishawishi kwamba wako watu wakubwa wasiobanwa na sheria wanazobanwa nazo wengine. Hoja hiyo si ya Urusi ya zamani tu. Mnaisikia kwa wenye vyeo, na mnaisikia kwa mzazi ambaye mwanawe amekamatwa na kosa: "Wangu si kama hao wengine."

Nikiwa na umri wenu nilisoma kitabu hichohicho na kalamu ya wino mkononi. Kila nilipokutana na ubaya, niliandika pembeni jina la mtu ninayemjua. Hapa mjomba. Hapa jirani. Hapa rafiki aliyenidhulumu. Nilijiona msomaji hodari kwelikweli. Miaka mingi baadaye nikakifungua tena, karatasi zimekuwa za manjano, nikahesabu majina kumi na manne. Langu halikuwamo hata mara moja. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nyani mwenye kalamu. Katika wale kumi na wanne alikuwemo mmoja ambaye mimi ndiye niliyemdhulumu. Niliketi na kile kitabu mapajani hadi giza likaingia, nisiweze kufunua ukurasa wa pili.

Ndiyo maana nakasirika, wanangu. Vitabu vya wema na uovu mnavisoma kama mahakimu wenye haraka ya kwenda nyumbani. Jaribuni kukaa kizimbani kidogo.

Mengine kwa ufupi. Soma kitabu chote. Ukimwonea huruma mwovu, usiogope, lakini usimvike taji. Mkisoma kitabu cha Ayubu, msiwaruke wale marafiki wake, maana walisema mambo mazuri mengi na bado walimkosea. Msomeni Augustine, yule askofu wa Kikristo wa kale, anavyosimulia wizi wa mapeari alipokuwa kijana: hakuwa na njaa, na mapeari mengi waliwatupia nguruwe. Msomeni mwanafalsafa Hannah Arendt juu ya kesi ya Eichmann, ofisa wa Kinazi aliyepanga kusafirisha Wayahudi kwenda kuuawa, kitabu cha 1963, halafu muwasome na waliombishia kwamba yule mtu alimhadaa kwa kujifanya karani asiyefikiri. Mbishane. Kubishana si utovu wa adabu.

Na nisiwaonee. Mazoea haya mliyapata kwetu. Ni sisi tuliowakatiza hadithi katikati kuwauliza "mmejifunza nini?" na kudai jibu la mstari mmoja. Mtoto aliyejibu "sijui, bado nafikiria" tulimpa sifuri. Tukaficha vitabu ambavyo mwovu ana maneno matamu, halafu tunashangaa mwenye maneno matamu akija na kuwachota wote kwa siku moja. Mngemjulia wapi, ikiwa hatukuwaruhusu kumsikiliza hata kwenye karatasi?

Nilipoona viti vimejaa Jumamosi, moyo wangu ulifurahi, hilo mlijue. Nitakuja tena kikao kijacho, nanyi mrudie sehemu ya kwanza peke yake, polepole. Nitakuja na nakala yangu ya zamani. Pembeni ya ukurasa mmoja kuna jina nililolifuta, na juu yake nimeandika jingine kwa penseli. La juu mtalisoma wenyewe. La chini msiniulize.

Mzee wenu