Masista wasiambiwe wanyamaze

Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa huu maoni ya msomaji mwenzangu kuhusu masista wa Kikatoliki, nami naomba nafasi ya kumjibu. Aliwasifu sana kwa kulea mayatima na kuuguza wagonjwa, kisha akawashauri wabaki huko huko kwenye uji na sala, mambo ya sera na mahakama wawaachie wanasiasa. Nilifundisha shule za msingi hapa Nairobi hadi nikastaafu. Ushauri huo ungefuatwa, kuna watoto wa mji huu ambao wasingekanyaga darasani.

Tukumbuke Januari 2004. Elimu ya msingi ilikuwa imetimiza mwaka mmoja tangu serikali ya Mwai Kibaki iifanye kuwa bure. Mwezi huo huo mzee Kimani Maruge, aliyesema ana miaka 84, aliingia darasa la kwanza kule Eldoret akiwa amevaa sare na kaptura, na dunia nzima ikampiga picha. Ilikuwa habari tamu, nami niliifurahia. Lakini wakati tunampigia makofi babu, kulikuwa na kesi mahakamani Nairobi kwa sababu watoto wa rika la darasa la kwanza walikuwa wanafungiwa milango ya shule za umma. Kosa lao lilikuwa virusi vya Ukimwi walivyozaliwa navyo.

Watoto hao walikuwa wa Nyumbani, kituo cha kulelea watoto mtaani Karen kilichoanzishwa mwaka 1992 na padri Mjesuiti kutoka Marekani, Angelo D'Agostino, pamoja na Sista Mary Owens wa shirika la Loreto. Padri huyo alipofariki Novemba 2006, sista ndiye aliyeushika usukani. Shule ziliwakataa watoto wao kwa visingizio vya kila namna. Njia rahisi ilikuwapo: kuwaomba wahisani pesa, kujenga shule ndani ya ua, watoto wasome wenyewe kwa wenyewe na jirani asisumbuke. Badala yake, Nyumbani waliishtaki serikali. Kabla mambo hayajafika mbali, serikali ikakubali watoto wapokelewe.

Msomaji aliyezaliwa juzi huenda asielewe ule ulikuwa uamuzi mzito kiasi gani. Nayakumbuka mabishano ya chumba cha walimu. Mtoto akianguka uwanjani akachubuka goti, nani atamshika? Glovu hatukuwa nazo. Semina hatukuwa tumepewa. Mzazi mmoja akisikia fununu tu, kesho yake wanakuja kumi langoni. Sisemi walimu walikuwa watu wabaya. Walikuwa watu wenye hofu, na hofu ile isingeondolewa na sista mpole anayegawa uji nyuma ya ukuta. Ilihitaji amri. Miaka miwili baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006, ambayo inakataza mtu kunyimwa shule kwa sababu ya hali yake. Leo mwalimu mkuu akimkataa mtoto, anajua anavunja sheria ya nchi.

Na kesi hiyo haikuwa mara yao ya kwanza kujitia katika "siasa". Kabla ya hapo, dawa za ARV, za kupunguza makali ya Ukimwi, zilikuwa za matajiri. Matibabu ya mgonjwa mmoja kwa mwaka yaliweza kupita dola 10,000, hadi kampuni ya Cipla ya India ilipojitokeza mapema mwaka 2001 na bei ya dola 350. Nyumbani wakatangaza kwamba wataagiza dawa hizo za bei nafuu, wenye hataza, yaani haki ya kipekee ya kuzitengeneza, wapende wasipende. Mwaka huo huo Bunge letu likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua njia ya kuziingiza nchini. Watetezi walikuwa wengi, sitaki kuwapa Nyumbani sifa zote. Ila niambie: kama kazi yako ni kulea, na mtoto anakufa kwa kukosa kidonge ambacho kipo Mumbai, utaendelea kumkandamiza kitambaa cha maji kwenye paji la uso halafu useme sera haikuhusu?

Wanaodhani masista hukaa tu kwenye vituo vyao wafike Kangemi, ninakoishi, au Kawangware, au Dandora. Mpango wa Nyumbani unaoitwa Lea Toto umekuwa mitaani humu tangu miaka ya mwisho ya tisini, ukimhudumia mtoto akiwa kwao, kwa mama yake au kwa nyanya yake, kwa dawa, ushauri na chakula. Mimi binafsi naupenda kuliko kituo chenyewe. Mtoto hakuumbwa alelewe na taasisi, na hata serikali sasa ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto vituoni na kuwarudisha katika familia. Kule Kitui wana kijiji ambapo babu au nyanya mmoja anaishi na watoto wapatao kumi, wengine wajukuu zake, wengine si wa damu yake. Nao watu wa sera wangefanya vizuri kwenda kuuliza huko kabla ya kuandika mkakati mwingine.

Sikubaliani na Kanisa langu katika kila jambo. Kuhusu kondomu nimebishana na mapadri wawili na hakuna aliyenishinda. Lakini tabia hii ya kumpenda sista akiwa kimya tu inanikera. Tarehe 23 Mei 2015 tulijaa Nyeri kumshangilia Sista Irene Stefani wa shirika la Consolata, aliyeitwa Nyaatha, mama wa huruma, alipotangazwa mwenye heri. Aliwauguza wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia kule Voi, Kilwa na Lindi, akafa mwaka 1930 kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa. Alistahili kila wimbo. Sista aliye hai anayekwenda kudai haki ofisini, huyo tunamwambia ana kiburi.

Haya si ya zamani. Aprili 2021 shehena ya ARV za msaada ilikwama Mombasa, serikali yetu na Marekani zikivutana juu ya kodi na juu ya nani azisambaze. Watoto wa Nyumbani ndio walioshika mabango. Watoto! Januari 2025 Rais Trump aliposimamisha misaada ya nje, kliniki nyingi zilijikuta zinahesabu vidonge vilivyobaki. Mara zote mbili nilijiuliza swali lile lile: miaka mingi baada ya ile kesi, kwa nini uhai wa mtoto wa Dandora bado unategemea hasira ya mtu aliye Washington?

Hilo ndilo ningependa Wizara ya Afya ilijibu kupitia gazeti hili, kwa tarakimu. Katika bajeti ya mwaka huu, ni shilingi ngapi za kodi yetu wenyewe zinanunua ARV za watoto, na zile za maji kwa wachanga zimo? Mpaka lini akiba iliyo ghalani itatosha msaada ukikatwa tena?

Nawe Mhariri nina ombi dogo. Mwandishi wako asiwatembelee masista Desemba mosi pekee, Siku ya Ukimwi Duniani, ambayo kila mtu ana utepe mwekundu kifuani. Umtume Jumatatu yoyote, akae na sista ofisini anapopiga simu kuuliza dawa zimefikia wapi.

Mwalimu mstaafu,
Kangemi, Nairobi